BMI yangu ni 29.6, ya mume wangu 24, lakini mwenye kitambi ni yeye. Nisomeje namba hizi?

Mama_Vitenge (Arua)

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba mtu anisaidie kusoma karatasi niliyopewa, maana niliipokea bila maelezo.

Jumamosi walikuja watu wa afya uwanjani karibu na msikiti wetu hapa Oli, wakapima watu bure. Mstari ulikuwa mrefu. Unapanda mzani, unasimama kwenye kijiti cha urefu, unafungwa mashine ya presha mkononi, unapewa kikaratasi, basi. Changu kinasema hivi: miaka 41, sentimita 158, kilo 74, BMI 29.6, presha 134/86. Kijana aliyekuwa akiandika akaniambia, "Mama, punguza mwili, umebakiza kidogo uingie kwenye unene wa hatari," halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mume wangu kapimwa urefu sentimita 178, kilo 76, BMI 24. Presha hakukubali kusubiri, abiria walikuwa wanamngoja. Yeye kaambiwa, "Mzee uko sawa kabisa." Karatasi anatembea nayo mfukoni. Nikimwambia apunguze soda, anaitoa.

Sasa jamani, mume wangu ana kitambi. Mikono na miguu ni myembamba, lakini tumbo linatangulia na vifungo vya shati vinavutana. Ni dereva wa taksi ya Koboko, anashinda amekaa. Mimi nauza vitenge soko kuu, napanda na kushuka ngazi na mabunda, jioni narudi nyumbani kwa miguu. Mwili wangu uko mapajani na nyongani, kama mama yangu na shangazi zangu wote. Inakuwaje mimi niwe na tatizo, yeye awe mzima?

Halafu kuna binti yangu, miaka 14, sentimita 154, kilo 39. Walimwandikia 16.4 na pembeni "uzito pungufu". Tangu hapo mtoto hana raha, na dada zake wakubwa wanamlazimisha kula kila saa. Anakula vizuri, anakimbia mbio za shule, haumwi.

Wifi yangu naye ananikanya nisithubutu kukonda. Anasema nikikonda, sokoni watasema nina ugonjwa. Na jirani yangu wa kibanda ananisukumia chai ya majani ya kupunguza mwili, shilingi 35,000 pakiti, eti kilo 5 kwa wiki.

Kitu kingine: natumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, na naona mwili uliongezeka baada ya kuianza. Nayo inahusika?

Tafadhali, ajibu mtu anayejua.

---

Mwalimu_wa_Busia

Dada, wacha mimi nishike hesabu, mambo ya mwili nitawaachia wenye kazi yao.

BMI ni kilo zako ukizigawa kwa urefu wako kwa mita, halafu jibu ukaligawa tena kwa urefu uleule. Wewe: 74 gawa kwa 1.58 ni 46.8. Hiyo 46.8 gawa tena kwa 1.58, unapata 29.6. Hakuna siri nyingine ndani yake. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima inasema chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 ni kawaida, 25 mpaka 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Mwanaume na mwanamke wanatumia mipaka hiyohiyo, kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 70 pia.

Angalia jambo moja. Hesabu hii inauliza vitu viwili tu, kilo na urefu. Haikuulizi tumbo, haikuulizi misuli, haikuulizi unafanya kazi gani. Aliyeianzisha alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mwanasayansi wa nyota na takwimu, miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa anatafuta umbo la mtu wa wastani katika umati wa watu. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa Ancel Keys wa Marekani, naye alikuwa akilinganisha makundi ya wanaume. Kwa kundi inafanya kazi nzuri. Kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yako inabidi uongeze maswali.

Na hakikisha urefu wako. Ukivua viatu ukasimama ukutani, kisigino kikagusa ukuta, mtu akaweka kitabu kichwani na kuchora alama, ndipo utapata urefu wa kweli. Sentimita 3 tu zinahamisha jibu: kwa kilo zilezile 74, mtu wa sentimita 161 anapata 28.5. Mizani ya barabarani nayo, ile ya kulipa na kupanda, mara nyingi iko juu ya kokoto au udongo usio sawa, na watu wanapanda na mkoba begani.

---

Nesi_Mstaafu_Nebbi

Mwanangu wa Oli, nimekusoma polepole. Nilikuwa nesi kwenye vituo vya afya vya West Nile mpaka nilipofika miaka 60 ya kustaafu, na miaka ya mwisho nilikaa kliniki ya presha na sukari. Utanivumilia nikirefusha, kwa sababu umeuliza mambo ambayo kila siku ya kliniki niliulizwa, na mara nyingi muda wa kujibu haukutosha.

Hujaitwa mgonjwa. BMI kazi yake ni kuchagua nani aangaliwe zaidi. Ukishapata 29.6, hatua inayofuata ni tepu ya kiuno, presha na sukari. Hiyo hatua ndiyo mliyokosa, wewe na mzee wote wawili, na kwake imekuwa mbaya zaidi kwa sababu ameambiwa asiwe na wasiwasi.

Mzani haujui uzito umekaa wapi. Kilo moja ya mafuta pajani na kilo moja ndani ya tumbo, kwa mzani ni kilo mbili basi. Kwa ini na moyo hazifanani. Mafuta ya ndani ya tumbo yamezunguka utumbo, kongosho na ini, na yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja ini. Ini linajaa mafuta, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inapoteza nguvu, sukari inaanza kupanda, presha nayo inafuata. Mafuta ya mapaja na nyonga yametulia, hayana fujo hiyo. Kwa hiyo umbo la mama yako na shangazi zako lina nafuu. Lakini nafuu siyo ruhusa, mwanangu. BMI ya 29.6 siyo ya kupuuza, na presha ya 134/86, ingawa haijafika 140/90 ambapo tunaanza kuita presha ya juu, imeshasogea.

Wewe unauza vitenge, umezungukwa na mafundi cherehani. Azima tepu. Inua nguo, tafuta kwa kidole mbavu ya mwisho ubavuni, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo mbili ndipo tepu inapopita, pande zote, bila kukaza. Pumua nje kawaida, usivute tumbo. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa. Wanaume wenye kitambi hufunga suruali chini ya tumbo, ndiyo maana mtu anakuambia kiuno chake hakijabadilika tangu alipooa. Kwa mwanamke, ikipita sentimita 80 hatari imeanza, ikipita 88 imekuwa kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Kama hutaki kukumbuka namba nne, shika hii: kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu yako ni 79. Nusu ya mzee ni 89.

Nitasema wazi ninachokiona bila kumgusa. Mikono myembamba, miguu myembamba, tumbo mbele, kazi ya kukaa, soda. Huyo ana misuli kidogo na mafuta ndani, na misuli ikiwa kidogo mzani unatoka na namba nzuri. Kati ya nyinyi wawili, mimi ningemwita yeye kwanza. Na hata hiyo 24 siyo kila mahali wangeiacha ipite. Uingereza, tangu mwaka 2022, mwongozo wao unashusha mipaka kwa watu wenye asili ya Asia na ya Afrika pia: uzito kuzidi unaanzia 23 na unene uliopitiliza 27.5, kwa sababu kisukari kinawapata kwenye uzito mdogo zaidi. Ndugu zetu wa Kihindi wa Kampala na Jinja wanalijua hili vizuri, kwao mtu anaonekana wa kawaida kabisa na sukari iko juu. Vituo vyetu bado vinatumia 25 na 30, lakini mimi tumbo likionekana sikungoja 25.

Binti yako aachwe kwa amani, tafadhali. Jedwali la watu wazima halimhusu mtu wa miaka 14. Mtoto na kijana anasomwa kwa chati ya umri wake, msichana na yake, mvulana na yake. Kwa msichana wa miaka 14, mstari ambao ukiupita kwenda chini tunaanza kuwa na wasiwasi uko karibu na 15.4. Yeye ana 16.4. Ni mwembamba ndani ya kawaida. Anakua, anakimbia, haumwi. Ningemuuliza kama ameanza hedhi, ningempima tena baada ya miezi michache nione urefu na uzito vinapanda pamoja, na dada zake ningewaomba waache kumjazia sahani. Msichana wa umri huo anayeambiwa kila saa kwamba mwili wake una kasoro anabeba maneno hayo muda mrefu. Na mkipata mjamzito nyumbani, naye asipimwe kwa BMI. Tunampima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, na ukiwa chini ya sentimita 23 tunajua hali chakula cha kutosha.

Sasa wifi yako. Simlaumu hata kidogo. Nilikuwa nesi kijana wakati ule. Mwaka 1982 kule Kasensero, Rakai, kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kuharisha, kukonda na kufa, na wenyeji wakauita ugonjwa huo Slim. Mwaka 1985 madaktari wetu, akina David Serwadda na Nelson Sewankambo na wenzao, waliuandika kwa jina hilohilo kwenye jarida la Lancet. Tulizika watu. Kizazi changu kilijifunza kwa macho kwamba anayekonda anakwenda, na anayenenepa amepona. Mtu akiwa na mwili tulimshukuria Mungu. Hilo halitoki kichwani kwa hotuba ya dakika mbili uwanjani, na mfanyakazi wa afya anayemwambia mama wa Uganda "punguza mwili" bila kujua historia hiyo atabaki anashangaa kwa nini hasikilizwi.

Lakini mwambie wifi hivi. Leo mwenye VVU anayemeza dawa zake anaweza kuwa na mwili kuliko wako. Mwili hausemi tena nani anacho na nani hana, kipimo ndicho kinasema. Kukonda kunakonitisha ni kule kusikotafutwa: hujabadilisha chakula, hujabadilisha kazi, nguo zinalegea zenyewe. Kikohozi kikifika wiki mbili, jasho usiku, kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, hapo nenda ukapimwe TB, sukari na VVU bila kuchelewa. Kupungua kidogo kidogo kwa sababu umepunguza mafuta kwenye sufuria ni jambo jingine kabisa.

Sindano: ndiyo, kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito. Siyo kwa wote. Usiiache kimya kimya, maana mimba usiyoipanga kwenye miaka 41 na presha inayosogea ni mzigo mkubwa kuliko kilo mbili tatu. Nenda kituo, waambie, waulize kuhusu kitanzi. Kile cha shaba hakina homoni.

Na upungue kiasi gani? Ukifuata jedwali, kwa urefu wako uzito wa kawaida ni kama kilo 46 mpaka 62, na ukitazama kilo 12 mbele yako utakata tamaa kabla ya kuanza. Usianzie huko. Ukipungua asilimia 5, kwako ni chini kidogo ya kilo 4, presha na sukari tayari zinaanza kushuka. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja liliwekewa lengo la kupungua asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58 kuliko kwa wale walioachwa na vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, walipata asilimia 31. Asilimia 7 kwako ni kilo 5. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na wiki nyingine isiposhuka usijisumbue.

Sitakunyima enyasa, ugali wetu. Sikulelewa na kitu kingine. Fanya bonge liwe dogo kuliko ulivyozoea na mboga ya osubi (majani ya kunde) au dodo (mchicha) iwe nyingi, na maharage yawepo. Angara, ule samaki mkavu wa chumvi, loweka umwage maji, chumvi ile yote siyo ya presha yako. Lakini mimi nikiingia jikoni Arua, kinachonistua ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu kalori 120, na nimeona mama akimimina kutoka kwenye jeri bila kijiko, mboga ikaogelea. Pima kwa kijiko. Kwa familia ya watu sita vijiko vitatu vinaivisha mchuzi. Kingine ni vinywaji. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na haishibishi mtu. Na chai ya sokoni yenye vijiko vinne, ukinywa vikombe vitatu umekula sukari ya mlo mzima. Chapati mbili za asubuhi zilizokaangwa hapohapo kwenye kikaango, zifanye moja, chukua na ndizi.

Mazoezi unayo tayari, mwanangu, zile ngazi ni mazoezi. Mzee ndiye hana. Dereva naye anaweza kushuka garini wakati taksi inajaza abiria, akatembea kwa kasi badala ya kukaa kivulini. Asiniambie hana nafasi. Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa, Rais alionekana kwenye video akipiga pushapu ndani ya Ikulu, na alikuwa na miaka 75.

---

Raga_Namba3 (Kampala)

Asante sana mama kwa maelezo. Naomba nami niulize hapohapo. Nacheza raga, mstari wa mbele. Sentimita 178, kilo 100. Zahanati moja iliniandikia BMI 31.6 na neno "obesity" kwa wino mwekundu, bila kunigusa. Nimejipima kiuno kama ulivyosema, mbavu na nyonga katikati: sentimita 88. Nikubali kwamba ni mnene?

---

Nesi_Mstaafu_Nebbi

Mwanangu, nusu ya urefu wako ni 89, uko chini yake. Kilo zako nyingi ni misuli ya mapaja, mgongo na shingo, na misuli ni mizito. Wewe ndiye mtu ambaye BMI inamkosea upande wa juu, kama inavyomkosea mume wa dada yetu upande wa chini. Ila presha pima, kwa sababu mwili mkubwa unataka moyo mkubwa. Na siku utakapoacha raga, weka tepu karibu. Nimewaona wachezaji na askari wengi wanaoacha mazoezi huku sahani ikibaki ileile, na ndani ya miaka michache misuli imekwenda, mafuta yamechukua nafasi yake, na mzani haujaonyesha tofauti yoyote.

---

Binti_Rwenzori (Kasese)

Dada wa Arua, hiyo chai usiiguse, nakuomba kama ndugu. Mimi niliinunua nikiwa na harusi ya mdogo wangu mbele. Siku za mwanzo mzani ulishuka kweli, kila mtu akanisifu. Nilikuwa naharisha kuanzia alfajiri. Mwishowe miguu ikaanza kukakamaa usiku, moyo unadunda ovyo, na nikaanguka njiani kwenda kwenye taksi. Hospitali waliniwekea maji na wakasema chumvi za mwilini zimeshuka, hasa potasiamu. Niliporudi kula na kunywa kawaida, kilo zote zilirudi ndani ya siku chache. Walionisifu hawakuwepo wodini.

---

Nesi_Mstaafu_Nebbi

Pole sana binti yangu, na asante kwa kulisema. Chai nyingi za aina hiyo zina senna ndani yake, ule mmea wa kuendesha tumbo. Zinatoa maji na kinyesi, mafuta hayaguswi. Mzani unashuka kwa sababu maji ni mazito. Mtu anayetumia dawa za presha za kukojoza akachanganya na chai hiyo anaweza kupoteza potasiamu mpaka moyo ukosee mapigo. Kilo 5 za mafuta kwa wiki moja haziwezekani kwa mtu anayekula na kufanya kazi. Mama Vitenge, hiyo 35,000 nunua mukene (dagaa) na maharage.

---

Mama_Vitenge (Arua)

Mama yangu wa Nebbi, Mungu akuweke. Na mwalimu, na wote.

Nimefanya mlivyosema. Urefu wangu ukutani bila viatu ni 158 kweli. Fundi wangu wa jirani, mwanamke mwenzangu, alinipima pale pale katikati: kiuno 86. Kwa hiyo nimepita 80 na nimepita nusu yangu. Nilidhani tumbo langu ni dogo kwa sababu nyonga ni kubwa, kumbe tepu ilinionyesha. Nimeanza na kijiko cha mafuta. Watoto walilalamika mchuzi umekuwa mwepesi, nikaongeza nyanya na karanga kidogo ya kusaga, wakanyamaza.

Binti nimemsomea jibu lako lote. Aliichukua simu akalisoma mwenyewe tena, halafu akaenda kuwaonyesha dada zake.

Mzee alikataa tepu. Nikamwambia basi tupime wote nyumbani, mpaka shemeji, mpaka kaka yake aliyetoka Yumbe, ili asione ameandamwa. Akakubali. Kiuno 103. Alinyamaza. Jana asubuhi tulikwenda kituo cha afya pamoja kabla hajaenda stendi. Presha yake 152/96. Yangu 130/84. Nesi wa pale alimwambia arudi, hakumpa dawa, na sasa mzee ananiambia kama ingekuwa kitu kikubwa wangempa dawa. Sukari hawakupima kwa sababu alikuwa ameshakunywa chai. Nimwambie nini?

---

Nesi_Mstaafu_Nebbi

Umefanya kazi kubwa, kumpima mwanaume katikati ya ndugu zake bila kumwaibisha.

Huyo nesi amefanya sawasawa. Presha haithibitishwi kwa kipimo cha siku moja, labda mtu amekuja kwa haraka, amebishana njiani, au anajizuia kukojoa. Tunampima tena siku nyingine, mara mbili mbili kila anapokuja, amekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono juu ya meza. Ikibaki 140/90 au zaidi, ni presha ya juu na ataambiwa kuhusu dawa. Ingekuwa 180/110 wasingemwachia aondoke hivihivi. Kwa hiyo mwambie: hawakumpa dawa kwa sababu hawajamaliza kumpima. Asije akasema aliambiwa yuko sawa, hakuambiwa.

Kiuno cha 103 kwa mwanaume kimepita ule mpaka wa juu wa 102. Hilo na 152/96 pamoja, mimi nisingelala bila kujua sukari. Kwa kipimo cha sukari aje asubuhi hajala wala kunywa chai tangu usiku, kwa muda wa masaa manane au zaidi, maji matupu yanaruhusiwa. Nenda naye kabla ya taksi ya kwanza, mfungie chai kwenye chupa na kiazi kitamu anywe akishatolewa damu, kwa sababu dereva mwenye njaa hatasubiri mstari. Ikitoka chini ya 6.1 (kwa kipimo cha mmol/L) tunashukuru. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko ukingoni, na ule mpango wa asilimia 7 na dakika 150 ndio wake. Ikifika 7.0 watairudia siku nyingine kuthibitisha.

Yeye hahitaji kuangalia kilo sana, mwambie. Anaweza kupungua kilo tatu tu na mzani usiwe na la kusema, lakini tepu itashuka kutoka 103. Apimwe kiuno mwisho wa mwezi, wewe ukishika tepu, mahali palepale. Na ile karatasi ya mfukoni, andika nyuma yake kiuno na presha ya jana, na tarehe. Tuandikie mkishapata sukari, na kama kuna dawa wanayompa niandikie jina lake na miligramu zake, nitakueleza anywe saa ngapi na aangalie nini.